Mwalimu wa Kingereza katika kambi ya Dzaleka

Vijana wa Likasi, wa Kolwezi na wa hapa Lubumbashi wananiuliza mara nyingi swali moja: «Pasta, kule Malawi uliendaka kufundisha Kingereza, walikuwa wanakulipa ngapi?» Ninawajibu: hata franga moja. Wanatazamana, halafu swali la pili linatoka: «Sasa uliendaka juu ya nini?»

Ni swali zuri. Wazazi pia wanaliuliza, kwa maana siku hizi kila jamaa katika miji yetu ya migodi inataka mtoto ajue Kingereza. Kampani nyingi zinakitumia. Karatasi za kamyo zinazopita Kasumbalesa zimeandikwa kwa Kingereza. Kijana anaona kwamba mwenye kukijua anaitwa mbele kwa kazi. Yote hayo ni kweli. Lakini Kingereza nilichofundisha Dzaleka si cha kutafuta kazi. Ni Kingereza cha kujieleza mbele ya mtu mwenye kushika kalamu. Nataka niwaeleze, wapenzi wasomaji, namna maisha yalivyokuwa kule siku kwa siku, na namna nilivyoona ya kuwa neno moja likikaa mahali pasipo pake linaweza kumkosesha mtu dawa, ao mwaka wa masomo, ao hata jina la mtoto wake.

SAFARI

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Ukivuka tu, uko Zambia. Kibemba bado unakisikia, lakini vibao vya njiani vyote vimegeuka Kingereza. Bisi inapita Chingola, Kitwe na Ndola, miji ya shaba kama yetu, kisha Kapiri Mposhi, kisha Lusaka. Kutoka Lusaka unashika barabara ya mashariki, unateremka mpaka daraja la mto Luangwa, unapanda tena milima mpaka Chipata. Mbele ya Chipata ni mpaka wa Malawi, halafu Mchinji, halafu Lilongwe, mji mkubwa wa serikali. Mtu wa bisi ahesabu siku tatu ao ine, kufuatana na mipaka itakavyompokea.

Wazee wetu walijua njia hiyo mbele yetu. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, na katika miaka ya kwanza ya Union Minière wafanyakazi wengi walitoka Northern Rhodesia, wengine Nyasaland. Ndizo Zambia na Malawi za leo. Kwa hiyo mtu wa Katanga akifika kwa Wachewa hajioni mgeni kabisa. Sisi tunasema «buku», nao wanasema «buku». Sisi tunakula bukari, wao wanaita nsima, na inapikwa kwa unga ule ule wa mahindi. Ukijua «muli bwanji» ya kusalimia na «zikomo» ya kushukuru, tayari umepata kiti cha kukalia.

Mimi Kingereza nilikipata Zambia, wakati wa masomo ya Biblia. Ndiyo sababu makanisa matatu ya kwetu yaliposikia kwamba ndugu zetu wa Dzaleka wanaomba mwalimu, macho yote yaligeuka kwangu. Mama wa nyumbani alikubali, lakini alinipa onyo: «Uende ufundishe watu Kingereza, ila usirudi umesahau Kiswahili cha kutumwa sokoni.»

MAHALI PENYEWE

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mwendo usiofika kilomita 50. Zamani palikuwa gereza. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda watu wa siasa walifungwa pale. Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda alipotoka mamlakani, pakafanywa kambi ya wakimbizi. Walifikiria watu karibu 10.000. Leo ni zaidi ya 50.000. Wengi ni Wakongomani wa mashariki, halafu Warundi na Wanyarwanda, na wachache wa Ethiopia na Somalia.

Usifikiri utakuta mahema tu. Watu wamekaa miaka mingi, wengine wamezalia pale na kuzika pale. Nyumba ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua. Kunako maduka, vinyozi, watengenezaji wa simu, mama wenye kuuza mandazi, na makanisa ya kila namna yanayoshindana kwa ngoma siku ya yenga. Soko lenyewe linasema Kiswahili. Mtu wa Uvira, Mrundi wa kando ya ziwa, na Mchewa wa kijiji cha jirani aliyeleta nyanya zake kwa kinga, wanapatana bei kwa Kiswahili, kila mmoja na cha kwake. Mwaka 2014 mshairi Mkongomani anayeitwa Menes la Plume alianzisha hapo sherehe ya muziki na michezo, jina lake Tumaini, ambayo imeleta hata watu wa Lilongwe kuingia kambini, kucheza na kulala kwa wakimbizi.

Lakini maisha ni ya kubanwa. Malawi ilipokubali mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti yake: mkimbizi hana uhuru wa kutembea wala wa kutafuta kazi kama mwenyeji. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na wengi waliacha maduka yao nyuma. Kijana anaweza kumaliza masomo yote na bado akakuta mlango wa kazi umefungwa. Mtu wa namna hiyo silaha yake ni mdomo wake. Na mbele ya ofisi, mbele ya muganga, mbele ya mtihani, mdomo wa nchi ile ni Kingereza.

SIKU YA MWALIMU

Nilifika mwezi wa Februari 2018, nikatoka mwezi wa Desemba. Mgeni haingii tu akakaa. Kunako barua, kunako ruhusa, kunako watu wa kusalimia. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya kanisa: kitanda, meza, mbabula, na taa ndogo ya sola.

Siku inaanzia pompani. Kabla ya jua kutoka, bido zinapangwa mstari, kila moja na alama yake ya rangi ao kitambaa. Mwenye bido anaweza kwenda kusalimia watu, bido yake inamshikia nafasi. Asubuhi za kwanza mama walitaka kunipitisha mbele kwa sababu ya heshima. Nilikataa, na nilifanya vizuri, kwa maana pale kwenye mstari ndipo nilipojua wanafunzi wangu watahitaji maneno gani. Nilisikia nani amefiwa, nani ameitwa ofisini, mtoto wa nani amerudishwa kutoka masomo, nani ana mgonjwa. Mtu asiyechota maji na watu atawafundisha rangi za maua na majina ya miezi, wakati wao wanatafuta namna ya kusema «mtoto ana homa tangu juzi».

Asubuhi nilikuwa na vijana waliokosa nafasi katika masomo ya kambi. Baada ya chakula cha mchana walikuja wamama, na watoto mgongoni, kwa sababu asubuhi wao ni watu wa maji na soko. Magaribi walikuja wababa. Ubao tulikuwa nao mmoja, chaki za kuhesabu, na vitabu vitano vya aina tano mbalimbali. Basi tuliacha vitabu, tukafundisha kwa vitu: ndoo, mwiko, mlango, karatasi ya dawa.

MANENO MAPACHA YASIYO NDUGU

Wakongomani waliosoma wanafika na Kifaransa, na Kifaransa kinawasaidia sana. «Table» ni meza huku na huku. «Danger» ni hatari huku na huku, na kila mtu wa mgodi anaijua. Lakini kunako maneno mengine ambayo ni mapacha kwa uso tu.

Siku moja mama wa Fizi alikuja darasani amechoka, mkono umevimba. Alikuwa amepewa vidonge siku mbili mbele, na hakuvimeza hata kimoja. Nikamuuliza sababu. Akasema: «Mwalimu, banasema nikule dawa na mukate. Mukate nitatosha wapi?» Alifungua karatasi. Pameandikwa «for pain». Yule mama alifika mpaka mwaka wa ine wa sekondari kwetu, anasoma Kifaransa vizuri. Kwa Kifaransa «pain» ni mkate. Kwa Kingereza, herufi zile zile nne, ni maumivu. Siku mbili alivumilia maumivu kwa kukosa mkate ambao hakuna mtu aliyemwomba.

Tangu siku ile upande mmoja wa ubao haukufutwa. Tuliuita «maneno mapacha». Pale tuliandika «demander» ya Kifaransa, maana yake kuomba kwa heshima, na «demand» ya Kingereza, maana yake kudai kwa nguvu. Mtu aliyekuja ofisini akasema «I demand a blanket» alifikiri ameomba blanketi kwa adabu, na yule aliyemsikia alifikiri anatukanwa. Tuliandika «librairie», duka la vitabu, na «library», nyumba ya kuazima vitabu. Tuliandika «attendre», kungojea, na «attend», kuhudhuria.

Neno lililotutisha zaidi ni «assister». Kwa Kifaransa mtu akisema «j'ai assisté à» jambo fulani, maana yake alikuwako, aliona kwa macho. Kwa Kingereza «I assisted» maana yake nilisaidia. Sasa mfikirie baba aliyeona jirani zake wakiuawa usiku. Anaitwa kueleza kwa nini alikimbia nchi. Anataka kujikaza aseme mwenyewe bila mtafsiri. Anasema: niliona mauaji. Lakini neno lililotoka mdomoni linasema: nilisaidia mauaji. Yule mwenye kalamu anaandika alichosikia. Karatasi inakwenda mbali, inasomwa na watu wasiomjua, na yeye hayuko pale kusema «hapana, si hivyo».

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Waamuzi sura ya 12, kule kwenye vivuko vya Yordani, ambapo watu walijulikana na kuuawa kwa sababu ya namna ya kutamka neno moja, Shibolethi. Nilikuwa nikidhani ni habari ya zamani sana.

«YEYE» NA «NDUGU»

Mtego mwingine hautoki kwa Kifaransa, unatoka kwa Kiswahili chetu chenyewe. Sisi tuna «yeye» moja tu, kwa mwanaume na kwa mwanamke. Kingereza kina «he» na kina «she», na ukichanganya, mke anageuka mwanaume, binti anageuka kijana. Sokoni watu wanacheka tu, mambo yanapita. Lakini mbele ya karatasi, mahali pa kwanza pameandikwa mtoto mwanaume, mahali pa pili mtoto mwanamke, na mtu anaanza kuulizwa: wewe una watoto wangapi kwa kweli?

Na neno «ndugu» je? Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu. Mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, hasa kama baba yake amekufa na mimi ndiye ninayemlisha. Hakuna uongo hapo, ni heshima ya damu. Lakini Kingereza cha ofisi kinataka kujua nani alimzaa nani. Ukisema leo «my son», na kesho «my brother's son», juu ya mtoto mmoja, mwenye kuandika anaona maneno mawili yanayopingana. Mtoto yatima anaweza kutengwa na jamaa inayomlea kwa sababu ya neno la upendo lililotafsiriwa vibaya.

Tulitafuta dawa ya jambo hilo. Kila mwanafunzi aliketi chini akapanga jamaa yake juu ya udongo: jiwe kwa mwanaume, jani kwa mwanamke. Akishika jiwe anasema «he», akishika jani anasema «she». Kisha anaeleza: huyu, baba mmoja na mama mmoja na mimi; huyu, mtoto wa ndugu yangu, ninamlea tangu mwaka fulani. Mawe na majani yalikuwa mengi. Wengine walifika kwa jiwe la mtu aliyebaki njiani, wakanyamaza. Tulingojea. Darasa la Kingereza lilijifunza pale kunyamaza pamoja.

Nilisema tangu mwanzo kwamba sifundishi mtu kutunga habari. Walikuwako waliokuja pembeni: «Pasta, utupatie histoire yenye kuita.» Niliwajibu kwamba kazi yangu ni moja: ukweli wa mtu usiharibike njiani, kutoka moyoni mwake mpaka kwenye karatasi.

MTOTO ALIYESHUSHWA DARASA

Kwa watoto shida ni ya namna yake. Kijana mmoja wa Kalemie alikuwa amemaliza mwaka wa sita wa primere kwetu. Kule Malawi primere ni miaka minane, na mtihani wa mwisho unafanywa kwa Kingereza. Walimpima, wakamrudisha mwaka wa tatu. Alikuwa mrefu kuliko dawati. Baada ya wiki tatu aliacha kwenda masomo, akaanza kubeba mizigo sokoni.

Nilimpa hesabu kwa tarakimu tupu: kugawa, kuzidisha, sehemu. Alizimaliza mbele yangu akipiga mluzi. Nilimpa hesabu ile ile kwa maneno ya Kingereza, akaishika karatasi kama mtu aliyepewa kamba yenye mafundo. Hesabu alikuwa anaijua. Alichokosa ni maneno machache: «share» ni kugawana, «each» ni kila mmoja, «remain» ni kubaki, «altogether» ni yote pamoja. Tulikusanya maneno ya namna hiyo karibu sitini, yale yanayorudia katika kila kitabu cha hesabu. Aliyajua kwa mwezi mmoja. Mwanzoni mwa mwaka mwingine walimpandisha madarasa mawili.

Wazazi, mtoto anayenyamaza katika lugha mpya si mjinga. Kwetu pia tuna watoto wanaohama na baba zao kutoka mgodi mmoja mpaka mwingine, kutoka Kiluba mpaka Kiswahili mpaka Kifaransa. Mwulizeni kwanza ni neno gani limemfunga.

MWALIMU ANAKULA NINI?

Jamaa za wafanyakazi wa mgodi wanajua posho ni nini: kitu cha mwezi, kinachopimwa, kinachoisha kabla ya mwezi kuisha. Wakimbizi pia wanaishi kwa kipimo. Na bado, siku yangu ya kwanza, wamama watatu waliniletea chakula katika sahani zilizofunikwa vizuri. Kukataa ni kuwatukana. Kukubali kila siku ni kula posho ya watoto. Tulipatana hivi: ninakula kwao siku ya yenga tu, na siku nyingine ninapika mwenyewe, kwa feza waliyochanga makanisa ya kwetu. Nilijifunza kupika sombe vizuri mpaka jirani yangu Mrundi alikuja kuuliza ninatia nini ndani.

Njaa haikunisumbua. Kilichonisumbua ni jina langu kugeuka kubwa kuliko mimi. Mtu anayejua Kingereza, anayetoka nje, anayeandika majina ya wanaohudhuria: watu walifikiri yale majina yanakwenda Ulaya na Marekani. Mzee mmoja alikuja kila siku kwa wiki mbili, hakusema neno hata moja la Kingereza. Mwishoni akaniuliza: «Mwalimu, jina yangu imefika?» Kuanzia hapo kila Jumatatu nilisema mbele ya wote: mimi sina liste, sina simu ya wakubwa, nina chaki tu. Wengine waliondoka. Mzee alibaki, na mwezi wa tano alimsalimia muganga kwa Kingereza, akamweleza mgongo wake unauma upande gani.

JE, WALIJIFUNZA BURE?

Wengine kati ya wanafunzi wangu walipata kuhamia nchi za mbali. Wengine walikuwa wakingojea hata miaka kumi. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na ujumbe ulinifikia kwa simu usiku kutoka Dzaleka: «Pasta, Kingereza yetu sasa ni ya nini?»

Sikuwa na jibu la kufurahisha watu. Mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa, na kumwambia mtu aliyengojea miaka kumi kwamba haidhuru ni kumdharau. Lakini niliwakumbusha kwamba hata darasa moja la wamama halikuwa darasa la Marekani. Mama wa Fizi alisoma karatasi yake ya dawa pale pale Malawi. Kijana wa Kalemie alifanya mtihani wake pale pale. Mchewa na Mkongomani waliogombana pompani, wakakosa neno la Kichewa na la Kiswahili, walipatana kwa Kingereza kibovu cha pande zote mbili, na maji yakaendelea kutoka. Mtu akikaa anahitaji mdomo, akiondoka anahitaji mdomo, na akirudi kwao siku moja, atarudi na kitu ambacho hakuna askari wa njiani awezaye kumnyang'anya.

KWA VIJANA WANAOTAKA KUJITOLEA

Nimeona vijana wa nchi mbalimbali wakija kambini kufundisha, wengine wiki mbili, wengine mwaka. Wote walikuwa na moyo mwema. Kwa yale niliyoyaona, ninawaachia haya.

Ukae muda wa kutosha. Wiki mbili ni za kujua majina tu, na mtoto aliyekuzoea halafu ukapotea anajifunza kutozoea mtu.

Uende na unga wako. Mwalimu anayekula kipimo cha wanafunzi wake ni mzigo, hata kama anaitwa msaada.

Usiahidi kitu kisicho mkononi mwako. Useme mapema, useme mara nyingi.

Uheshimu lugha walizokuja nazo. Kijana wa kwetu akienda kufundisha Wakongomani ana faida ambayo mwalimu wa London hana: anajua Kiswahili na Kifaransa vimejificha wapi chini ya Kingereza cha mwanafunzi. Mwalimu wa London anasikia kosa. Wewe unasikia kosa na mahali lilipotoka.

La mwisho, tangu siku ya kwanza umtafute mwenye kukupokea kazi. Katika darasa la wababa alikuwako mwalimu wa hesabu wa Uvira, aliyefundisha kwetu miaka kumi na miwili. Mwezi wa kwanza aliketi nyuma, kofia usoni, kwa haya ya kukaa darasani pamoja na vijana ambao wangeweza kuwa wanafunzi wake. Aliniambia: «Mimi mwenye nilikuwa nauliza batu maulizo, leo niko naogopa kuulizwa.» Nilimwomba anisaidie kutengeneza yale maneno sitini ya hesabu. Mwezi wa sita alikuwa akifundisha watoto mbele yangu. Mwezi wa kumi alifundisha nami nikaketi nyuma.

Ndiye aliyebaki na darasa, na mpaka leo analo, makundi mawili, wamama na watoto. Upande wa ubao wa maneno mapacha ameuongeza kwa mapacha ya Kirundi. Mwaka jana tulimwuliza kama anahitaji kitu kutoka kwetu. Alijibu kwamba chaki atazipata Lilongwe, lakini kamusi ya Kifaransa na Kingereza imechakaa, herufi ya P imepotea yote. Makanisa yetu matatu yalichanga, tukampa dereva mmoja wa kamyo wa Kasumbalesa kamusi mbili mpya, naye akazifikisha.